Ukapa, Vyuma na Daraja

Kila awamu ya uongozi wa nchi yetu imetuachia barabara, sheria na maneno. Barabara zina wakala wa kuzitunza, na sheria zina vitabu vyake. Maneno hayana mtunzaji, ndiyo maana nimeamua kuyaokota machache kabla hayajasahaulika.

Wakati wa Benjamin Mkapa, kati ya mwaka 1995 na 2005, mtu aliyeishiwa hakusema tu kwamba hana pesa. Alisema ana ukapa. Neno lilikaa karibu na "ukata", likabeba na jina la rais, na watu wakacheka kwa sababu hawakuwa na la kufanya zaidi ya kucheka. Akaja Jakaya Kikwete na kaulimbiu ya maisha bora kwa kila Mtanzania. Haikuchukua muda, "maisha bora" yakawa kejeli: mtu anakula ugali kwa chumvi, ukipita karibu anakukaribisha kwenye maisha bora. Akaja John Magufuli, na kuanzia kama mwaka 2016 nchi nzima, kwenye daladala na maofisini, ikawa na sentensi moja: vyuma vimekaza.

Jambo lililonifanya nianze kuandika ni hili. Katika vipindi vyote vitatu, uchumi wa taifa ulikuwa unakua, tena vizuri. Mkapa aliukuta ukikua kwa chini ya asilimia 4 kwa mwaka, akauacha karibu na asilimia 7. Kikwete na Magufuli waliushikilia humo humo, kati ya 6 na 7, kwa miaka mingi. Nchi nyingi zingependa kuwa na rekodi ya namna hiyo. Sasa, wananchi walikuwa wanadeka? Au waliotusomea takwimu walikuwa wanatudanganya? Nimesikia majibu yote mawili vijiweni, na kila upande unausuta mwingine. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli, na historia ya sehemu moja ndogo inaweza kuonyesha hilo limewezekanaje.

Sehemu hiyo ni Kigongo, kwetu. Kwa asiyeijua, Kigongo iko wilaya ya Misungwi, kwenye ukingo wa Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa Ziwa Victoria uliopenya kusini na kuitenga Misungwi na Sengerema. Ng'ambo ni Busisi. Kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Chato kwa njia hii alishuka hadi Kigongo, akapanga foleni, akasubiri kivuko. Kwa hiyo karibu kila utajiri uliowahi kutoka magharibi ya ghuba ulisimama mbele ya macho yetu kwa muda kabla haujaendelea na safari. Sisi tuliuona ukipita. Neno "kupita" ndilo litakalotusaidia huko mbele.

* * *

Utajiri wa kwanza mkubwa ulikuwa pamba. Katika miaka ya 1950 Usukuma ulivuna pamba kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na vinu vya kuchambulia vilinguruma msimu hadi msimu. Mtawala wa kikoloni akitazama marobota yanayoshuka bandarini Mwanza aliona jimbo linalostawi. Mkulima akitazama mahali hapo hapo aliona mizani. Aliamini anapunjwa uzito, na hakuwa na namna ya kuthibitisha kwa sababu mizani ilikuwa ya mnunuzi.

Mwanzoni mwa miaka hiyo wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia ili kuhakiki kilo. Kutokana na harakati hizo Paul Bomani na wenzake wakajenga ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima barani Afrika, mama wa Nyanza ya baadaye. Watu wengi wanakumbuka ukubwa wake. Mimi napenda kukumbuka kwamba ulianza na swali dogo sana: nani anashika mizani?

Pamba ikiwa inapanda, hasira nayo ilikuwa inapanda. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria za kulazimisha mtu apunguze ng'ombe, aogeshe mifugo, alime kwa namna fulani, na kila sheria ilikuja na ada au faini yake. TANU ilikuwa imepigwa marufuku kufanya kazi Usukumani tangu mwaka 1954. Mwaka 1958 Geita ikachafuka. Watu walikataa baraza jipya la wilaya walilopangiwa, wakaja Mwanza kwa wingi kumlalamikia mkuu wa jimbo, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Sasa tazama kalenda. Mwaka huo huo wa 1958, huko London, kilichapishwa kitabu cha wachumi Alan Peacock na Douglas Dosser kilichokadiria pato la taifa la Tanganyika kwa miaka ya 1952 hadi 1954. Kilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya kuiweka nchi hii yote kwenye jedwali: pamba kiasi gani, mkonge kiasi gani, na chakula ambacho hakikufika sokoni kikadiriwe vipi. Ilikuwa kazi ya maana, na sina ugomvi nayo. Lakini jedwali la namna hiyo lina safu ya pamba tu. Halina safu ya mtu aliyeuza pamba nyingi kuliko mwaka jana na akarudi nyumbani akiwa amedhalilishwa mara tatu: kwenye mizani, kwenye josho na kwenye baraza.

Tangu hapo pato na manung'uniko vimetembea pamoja kwenye ghuba hii. Hakuna kilichomzuia mwenzake.

* * *

Utajiri wa pili ulitoka majini. Sangara si wa asili ya Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa kaskazini wa ziwa, na ikapita kama miaka 20 kabla hajalipuka. Ghuba ya Mwanza ina bahati ya pekee ya kuwa na mashahidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa hapa tangu miaka ya 1970 wakihesabu furu, wale samaki wadogo wa aina mamia. Walikuja kuchunguza namna furu wanavyoishi, wakajikuta wanaandika namna walivyotoweka.

Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na samaki wakawa moja ya bidhaa kubwa za taifa kuuzwa nje. Kazi zilipatikana, hilo hakuna anayeweza kulikana: wavuvi, wachuuzi, madereva wa magari ya barafu, mafundi mitumbwi, wanawake wa mialoni. Lakini bei ya sangara mzima sasa ilikuwa inapangwa na mezani kwa mtu wa Hispania au Ujerumani, na mama wa Mwanza alishindana naye kwa shilingi. Akashindwa. Kilichobaki kwake ni kile ambacho kiwanda hakikitaki: kichwa, mgongo na mkia. Hayo ndiyo mapanki. Yalikaangwa, yakauzwa, yakaliwa, na watu wengi wamekua kwa mchuzi wake.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, akatoa filamu ya Darwin's Nightmare iliyopigwa Mwanza. Ilidai mengi, likiwemo suala la silaha kwenye ndege za samaki, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani. Kukawa na mjadala wa nchi nzima kama mapanki ni chakula cha binadamu au ni fedheha tuliyosingiziwa. Nakumbuka mjadala ule kwa sababu ulitukosea pande zote mbili. Waliotutetea walisema mapanki ni chakula cha kawaida tu, kitamu. Waliotuhurumia walisema tunakula takataka. Ni wachache waliouliza swali la mhasibu: ikiwa samaki wameongezeka na mauzo yameongezeka, imekuwaje sehemu ya samaki inayobaki kwetu ikapungua kutoka mnofu hadi mfupa? Mauzo ya nje yalihesabiwa yote, mpaka senti. Kushuka kutoka mnofu hadi mfupa hakukuingia popote.

Kisha dhahabu. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa Geita, ng'ambo yetu. Kwa sheria ya madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Ilipofika 2010 ukapandishwa hadi asilimia 4, na 2017 hadi asilimia 6. Mgodi wa kisasa unachimba kwa mashine kubwa na watu wachache. Ukianza kuzalisha, pato la taifa linaruka mara moja, kwa sababu dhahabu ni dhahabu. Lakini mahindi ya kuchoma yanayouzwa njiani hayaruki, kwa sababu dhahabu hailali njaa foleni.

* * *

Hapo ndipo lilipozaliwa neno ukapa. Tumtendee haki Mkapa: alikuta nchi yenye mfumuko wa bei unaokaribia asilimia 30, madeni yasiyolipika, na serikali inayoishi kwa mkopo wa kesho. Alipomaliza, mfumuko ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 5, Mamlaka ya Mapato ilikuwa imesimama tangu 1996, na mwaka 2001 wakopeshaji walifikia hatua ya kutusamehe sehemu kubwa ya deni. Kwenye vitabu, huo ni uponyaji.

Dawa yenyewe ilikuwa kubana. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, mshahara ukawa wa wachache. Mwanza ilikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, fahari ya jiji, kilichotumia pamba ya kwetu. Kiliyumba, kikaja kubinafsishwa, na vijana waliotegemea zamu zake wakarudi vijijini au wakaingia kuuza mitumba. Mfanyakazi mmoja anapokosa mshahara, anayeumia si yeye peke yake. Yupo mwenye nyumba, yupo mwenye genge, yupo mdogo wake anayelipiwa ada, yupo bibi kijijini. Takwimu huhesabu mshahara mmoja uliopotea. Mtaani hupotea mishahara mitano.

Tafiti za mapato na matumizi ya kaya zilithibitisha kile ambacho neno ukapa lilikuwa limeshasema. Mwaka 2000/01, karibu asilimia 36 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2007, baada ya miaka ya ukuaji mzuri, walikuwa karibu asilimia 34. Asilimia imeshuka kidogo, watu wameongezeka sana, kwa hiyo idadi ya maskini wenyewe ikawa kubwa kuliko mwanzo. Mwaka 2005 Kikwete alichaguliwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Mwaka 2010 alirudi kwa karibu asilimia 62, na majimbo yote mawili ya jiji la Mwanza, Nyamagana na Ilemela, yakaenda Chadema. Watu hupiga kura kwa sababu nyingi. Ila jiji linaloambiwa linastawi na likajibu hivyo lilistahili kusikilizwa.

Vyuma vilipokaza, chanzo kilikuwa kingine. Serikali ya Magufuli ilihamisha amana za taasisi za umma kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu, ikakata safari, semina na vikao vya hotelini, na mwezi Aprili 2017 ikatangaza majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi waliotakiwa kuondoka. Wengi tulishangilia, na kila hatua ilikuwa na hoja yake. Fedha iliyookolewa ikaenda kwenye reli ya kisasa, ndege, bwawa la umeme na madaraja. Ujenzi ukavimba, na ujenzi ni sehemu ya pato la taifa, kwa hiyo pato likavimba nalo.

Lakini fuata shilingi moja. Posho ya semina, hata kama ilikuwa ya ulafi, ilishuka kwa ngazi: mtumishi akanunua samaki, muuza samaki akanunua mkaa, muuza mkaa akatengeneza baiskeli. Shilingi hiyo hiyo ikinunua chuma cha reli kutoka nje, hairuki ngazi hizo. Itazaa faida siku moja, treni ikitembea, ila si jioni ya leo. Wakati huo huo mikopo ya benki kwa sekta binafsi, iliyokuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, ilikaribia kusimama ilipofika mwisho wa 2017. Kwa hiyo aliyesema uchumi unakua alikuwa anatazama nguzo za zege. Aliyesema vyuma vimekaza alikuwa anatazama droo yake. Wote wawili waliona vizuri.

* * *

Msomaji anaweza kuuliza: hesabu gani hii inayoruhusu watu wengi waumie na jumla ipande? Ni hesabu ya kujumlisha tu. Tuseme kuna wafanyabiashara kumi. Tisa wanaingiza Sh10,000 kwa siku kila mmoja, na mmoja ni mkandarasi anayeingiza Sh100,000. Jumla ni Sh190,000. Mwaka unaofuata wale tisa wanashuka hadi Sh8,000 kila mmoja, mkandarasi anapanda hadi Sh150,000. Jumla sasa ni Sh222,000. Uchumi wa watu kumi umekua kwa karibu asilimia 17, na tisa kati yao wamekuwa maskini zaidi. Hakuna aliyeghushi kitu.

Ongeza idadi ya watu. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 kwenye sensa ya 2012, na 3,699,872 kwenye sensa ya 2022. Keki ikikua na walaji wakiongezeka kwa theluthi nzima, kipande cha mtu mmoja hakikui kama keki. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa imeingia uchumi wa kati wa daraja la chini, wastani wa pato ukiwa dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, utapata karibu dola 3. Huo ndio wastani, na umebeba ndani yake mkandarasi na wale tisa.

Kisha bei. Tunaambiwa mfumuko umeshuka, na mtu anatoka dukani akiwa na hasira kwa sababu bei haijashuka. Tuseme kilo ya sembe imetoka Sh1,200 hadi Sh1,800, halafu ikakaa hapo mwaka mzima. Mfumuko wa sembe sasa ni sifuri. Lakini Sh600 zako hazijarudi. Mtaalamu anapima mwendo wa bei, mama anapima urefu wake. Zaidi ya hapo, kapu linalotumika kupima lina bidhaa za nchi nzima, na kila bidhaa inapewa uzito kwa shilingi zinazotumika juu yake. Anayetumia shilingi nyingi ana sauti kubwa zaidi ndani ya kapu. Katika kapu lililopangwa kwa mwaka wa kizio 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Nenda kwenye kaya ya mvuvi au mlima udaga, uulize chakula kinakula sehemu gani ya pesa yao. Kapu la taifa ni la kweli, ila si la kwao.

Hili halikuanzia kwetu wala haliishii kwetu. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kupima pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hausomeki moja kwa moja kutoka kwenye pato hilo. Na Wamarekani wenyewe, mwaka 2022, mfumuko ulipofika asilimia 9.1 mwezi Juni, walisema hali ni mbaya ilhali ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 4. Wachumi wao wakabaki wanashangaa. Wangekuja Kigongo tukawafundisha msemo.

* * *

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la JPM kati ya Kigongo na Busisi. Lina urefu wa kilomita 3, limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni, na jiwe lake la msingi liliwekwa na Magufuli mwezi Desemba 2019. Ni zuri. Nasema hivyo bila kejeli. Safari iliyokula saa mbili ukiwa na bahati mbaya ya foleni, sasa ni dakika chache.

Mama yangu mdogo alikuwa anauza samaki wa kukaanga pale kivukoni. Sato, furu wakipatikana, na mapanki kwa wenye haraka. Wenzake waliuza mahindi, karanga, mayai na maji ya kunywa. Wateja wao walikuwa abiria waliokwama. Nilipomuuliza daraja limemkutaje, alinijibu, "Daraja zuri, mwanangu. Ila halili samaki. Foleni ndiyo ilikuwa mteja wangu."

Sidai daraja lingeachwa ili watu waendelee kukwama. Hakuna mwenye akili anayetaka hivyo, na mama mdogo mwenyewe hataki. Maana upo upande mwingine wa jambo hili, ambao walalamikaji huwa tunausahau. Usiku kivuko kikiwa kimelala, mjamzito wa Sengerema anayepelekwa hospitali ya Bugando alikuwa anasubiri ufukweni. Leo hasubiri. Ule usiku aliouokoa hauuzwi, kwa hiyo hauingii kwenye pato la taifa kwa namna yoyote. Mauzo ya mama mdogo yaliyopotea nayo yalikuwa madogo mno kuonekana. Hesabu kubwa imekosa faida iliyo bora kuliko zote za daraja, na imekosa pia hasara yake iliyo karibu zaidi. Inakosea pande zote mbili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema takwimu ni uongo. Ukizitupa, utabaki na kelele za mwenye sauti kubwa. Lakini ninaogopa zaidi upande wa pili. Mwezi Septemba 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa lenye kifungo kutangaza takwimu zinazopinga zile za serikali. Mwaka 2019 sheria ikalegezwa, na vizuri. Hata hivyo kile kipindi kifupi kilitufundisha jambo. Mtu alikatazwa namba nyingine, akabaki na msemo. "Vyuma vimekaza" haikuwa takwimu, kwa hiyo haikushtakiwa. Ilikuwa ndiyo ripoti ya robo mwaka ya watu wasio na ofisi ya takwimu.

Nikitazama nyuma, naona wakulima wa pamba walikuwa wametutangulia. Hawakubishana kama pamba imeongezeka, maana waliivuna wenyewe. Walimweka mtu wao pembeni ya mizani. Kigongo ya sasa inahitaji jambo lile lile: ripoti ya daraja itakapoandikwa, tani zilizovuka zikishahesabiwa, na foleni iliyokwisha ihesabiwe, waliokuwa wakiishi kwayo waulizwe wamehamia wapi na wanaingiza kiasi gani. Mama mdogo amehamishia karai lake barabarani, karibu na pale magari yanapoanza kupanda daraja. Anasema baadhi ya madereva wameanza kumjua na wanapunguza mwendo. Wengi bado wanapita.